Homa ya Gari la Nei Akineti

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatano, Iotua Bauro yuko kwenye kiti cha mbele cha abiria, lakini huwezi kusema ameketi. Goti linapigapiga, kiwiko kiko nje ya dirisha, na macho hayabanduki kwenye geji ya joto. Basi dogo la mwaka 1994 linatambaa juu ya tuta refu la kutoka Betio kwenda Bairiki, bahari huku na bahari huku. Wazee saba wamekaa nyuma, pamoja na mwandishi wa makala haya. Mshale wa geji uko katikati.

"Hivyo hivyo, shangazi," anamwambia dereva. "Usiongeze, usipunguze."

Dereva ni Nei Akineti Tongabiri, yaani Bibi Akineti, miaka sitini na sita, dada wa marehemu baba yake. Anaendesha bila viatu. Anamjibu mpwa wake kwamba alianza kushika usukani Iotua akiwa bado anakojoa kitandani, kwa hiyo amwache afanye kazi. Wazee wa nyuma wanacheka. Iotua hacheki.

Wote saba wana sukari, na vidonda vya miguu vimekataa kufunga. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Nei Akineti huwapeleka kliniki, upande wa Bikenibeu, wakaoshwe na kufungwa upya. Basi la kawaida hawaliwezi. Ngazi yake iko juu, watu wanasongamana, na mguu wa namna hiyo ukikanyagwa mara moja tu, kazi ya mwezi mzima imepotea. Wawili kati yao wameshabaki na mguu mmoja.

Tangu Machi gari hili linachemsha. Limewaacha wazee barabarani mara sita, wakakaa juani na bandeji zao mpaka mtu mwenye huruma apite. Mmoja wao, Ten (yaani Bwana) Kabwea, alikosa kliniki siku tatu mfululizo, na wiki iliyofuata akakatwa kidole gumba cha mguu. Anaonyesha mahali kilipokuwa kama mtu anayeonyesha jino lililong'oka.

Mtoto wa kiume wa Nei Akineti, anayefanya kazi bandarini, amechoka kusikia kwamba mama yake ameonekana tena kando ya barabara na ndoo. Ametafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, wakakubaliana dola mia tisa, na mnunuzi anakuja Jumamosi. Nei Akineti ameomba kitu kimoja tu, safari za Jumatano na Ijumaa. Gari likichemsha tena Ijumaa, Jumamosi liende.

Kwa Iotua ni aibu juu ya hasara. Gari hili amelitengeneza mara mbili, na mara zote mbili akasema limepona.

"Waliniletea likiwa limeshapoa," anaeleza, macho kwenye geji. "Linavutwa kwa kamba, linafika kwangu jioni, baridi kama samaki wa jana. Nafungua, nakisia. Homa hupimwa mgonjwa akiwa nayo. Ndiyo maana leo nimepanda."

Ana miaka hamsini na saba. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia chini ya sitaha za meli za mizigo za watu wa mbali, akitia mafuta mitambo na kusikiliza pampu. Alirudi miaka tisa iliyopita na mikono yenye makovu, masikio yanayovuma, na tabia ya kutotulia ambayo mkewe anasema haikuwapo alipoondoka. Halali mchana. Hali chakula akiwa ameketi. Ukizungumza naye anazunguka, na wewe unajikuta unazunguka naye.

"Melini bahari nzima ilikuwa rejeta yangu," anasema. "Hapa bahari iko kulia, iko kushoto, na huwezi kutia hata kikombe."

Shida hiyo ya maji ndiyo inayomlisha. Maji ya mvua ni ya watu, na mwaka huu mvua imetusahau. Magari yetu hunywa maji ya kisima, na visima vyetu vina chumvi. Chumvi inakula rejeta, inakula pampu, inaziba njia. Kila gari kuukuu kisiwani lina homa au linaitafuta. Wiki nzuri Iotua hupata dola sabini. Nusu ya wateja hulipa kwa samaki, au kwa kusema watalipa.

Mara ya kwanza gari la shangazi lilikuwa na ugonjwa huohuo wa wote. Aliiloweka rejeta siku mbili, akaisafisha, akabadili pampu ya maji, akaweka kifuniko kipya cha rejeta ambacho rafiki yake wa melini alimletea mfukoni kutoka Suva, ng'ambo ya bahari. Wiki mbili baadaye gari likachemsha tena. Mara ya pili alifungua kichwa cha injini na kubadili gasketi. Shangazi alilipa dola mia na arobaini, akiba yake ya miezi mitatu. Siku ya tisa likachemsha.

Sasa tumepita Bairiki na magari yameanza kupanga foleni. Mwendo unashuka, upepo wa kupooza rejeta unakwisha. Mshale unaondoka katikati. Iotua ameacha kupigapiga goti.

"Pembeni," anasema. "Sasa hivi. Kabla halijachemka."

Nei Akineti anasimamisha gari karibu na duka la mkate pale Teaoraereke. Iotua ameshashuka kabla ya magurudumu kusimama. Anafungua boneti, anazungushia mkono kitambaa, anaukamata mpira wa juu wa rejeta na kuuminya.

Unaminyika. Anauminya tena. Ni laini kama mkate uliochovywa chai.

Injini ikiwa moto mpira huo hutakiwa kuwa mgumu, kwa sababu maji ndani yamebanwa, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Mpira ukiwa laini maana yake hakuna anayeyabana. Na kazi ya kuyabana si ya injini, si ya pampu, si ya gasketi. Ni ya kifuniko.

"Kifuniko ni kipya," Iotua anasema, kama anayebishana na mtu. "Nimekiweka kwa mkono wangu."

Lakini kukifungua hawezi. Rejeta ya moto ikifunguliwa itamuunguza uso. Inabidi ingojewe ipoe, na kungoja ndicho kitu asichokijua. Analizunguka gari. Nei Akineti anahesabu mizunguko kwa sauti, wazee wanamsaidia, na katikati ya hesabu bibi mmoja anagawa vipande vya shelisheli la kuchemsha kutoka kwenye mfuko. Kwenye mzunguko wa ishirini na mbili Iotua anasimama, anafunika kifuniko kwa kitambaa, anakizungusha polepole.

Anakigeuza na kukisogeza juani. Anakipangusa kwa mate, anasoma. Anasoma tena. Kile cha Suva kilikuwa na namba 1.1, kipimo cha nguvu ya kubana, alikisoma siku kilipofika na akakionyesha mtaa mzima. Hiki kimeandikwa 0.5, na springi yake imelegea.

"Hiki si changu," anasema.

Walifika kliniki saa tano, kwa kusimama kila baada ya kilomita mbili. Muuguzi alikuwa ameshaanza kufunga kabati. Aliwahudumia wazee lakini uso aliukunja mpaka mwisho.

Njiani kurudi Eita, alikojenga karakana yake kando ya nyumba, Iotua alikuwa na majina manne ya watu wanaoweza kuwa wezi. Lilipoongezeka la tano lilikuwa la jirani anayemkopesha jeki. Mwandishi wa makala haya alimshauri aanze na nyumbani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ingawa hakuna aliyetarajia kingekuwa karibu kiasi hicho.

Mkewe, Nei Kinaai, alikuwa amekaa kwenye kibanda cha nje akilainisha majani ya mkeka. Iotua alimwekea kile kifuniko mbele yake, juu ya majani. Mkewe alikitazama, akaendelea na jani alilokuwa nalo mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Kile kingine alikiomba Mikaere."

Mikaere ni kaka yake Nei Kinaai, mtoto wa mama yake mkubwa. Siku rejeta ilipokuwa imelowekwa, kifuniko kipya kilikuwa juu ya meza ya karakana na Iotua alikuwa amekwenda Bairiki. Mikaere akapita, akakiona kinavyong'aa, akasimama mlangoni na kutamka lile neno letu, bubuti. Huku kwetu ndugu akishalitamka, kitu kimeshatoka mkononi mwako. Hukatai. Ukikataa, aibu ni yako na ya watoto wako. Na ukishatoa huzungumzii tena, kwa sababu anayetaja alichotoa ni kama anakidai.

Nei Kinaai alitoa. Kisha akatafuta ndani ya kopo la vyuma kifuniko kinachofanana, akakisugua kwa mafuta ya taa mpaka kikang'aa, akakiweka palepale. Jioni Iotua alikifunga bila kukisoma. Nani anasoma mara ya pili kitu alichokwisha kukisoma?

Ungeuliza kwa nini hakumwambia mumewe. Hapo kuna jambo ambalo Eita nzima inalijua. Iotua aliporudi kutoka baharini alisimama kwenye maneaba, nyumba yetu ya mikutano, mbele ya wazee, akatangaza kwamba karakana yake ni kama meli. Humo bubuti haiingii, spana haitoki, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Watu walicheka, wengine waliumia. Walimpa jina la Nahodha, na si kwa heshima.

"Ulisema karakana ni meli," Nei Kinaai alimwambia sasa, sauti haikupanda. "Mimi sikupanda meli hiyo, baba Rotia. Kaka yangu alisimama pale akaomba. Ningemjibu nini?"

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia, ungekwenda kukidai. Uso wangu ningeuweka wapi?"

"Nimefungua injini ya shangazi bure. Kabwea kakatwa kidole."

Nei Kinaai aliacha majani. Habari za kidole alizisikia mwezi uliopita kama kila mtu, lakini ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuziunganisha na kifuniko. Aliinuka akaingia ndani. Jioni ile hawakusemeshana, na kesho yake pia.

Kwa mtu anayetazama kutoka nje ni rahisi kumlaumu mama huyu. Ukikaa nao siku mbili huwezi. Mwanamke alikuwa na amri ya mume upande mmoja na neno la kaka upande mwingine, na alichagua kunyamaza ili asimvunjie heshima yeyote. Kama kuna kosa, Iotua mwenyewe anasema, lilianza siku aliyosimama pale kwenye maneaba na kifua mbele.

Lakini kosa halipoozi injini. Maduka ya Betio yalikuwa na vifuniko vya namba ndogo tu, na meli ya mizigo ilikuwa bado wiki tatu. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Kukidai kile kifuniko haiwezekani. Kitu kilichotoka kwa bubuti hakidaiwi. Njia iliyobaki ni moja, kukiomba kwa neno lilelile.

"Miaka tisa sijalitamka," Iotua alisema Alhamisi asubuhi, akipanda basi la kwenda Betio, anakoishi Mikaere. Alivaa shati la kanisani.

Mikaere alimpokea kwa kicheko kilichosikika nyumba tatu. "Karibu, Nahodha. Leo umeshuka melini?" Iotua alivumilia. Alikunywa maji ya karewe, utomvu wa mnazi, aliyopewa, tamu kupita kiasi, akakohoa, akalitamka neno. Mikaere akaacha kucheka, maana neno ni neno, akakuna kichwa. Kifuniko hakuwa nacho. Kiliombwa na mjomba wake wa Buota, muuza samaki, kabla ya Pasaka.

Betio ni mwisho mmoja wa barabara yetu na Buota ni mwisho mwingine. Iotua aliirudia njia yote, nusu kwa basi, nusu nyuma ya pikapu ya mchanga, akiwa amesimama. Saa tisa alasiri alimkuta mzee wa Buota nyuma ya nyumba akianika samaki. Gari la mzee lilikuwa pale, limewekwa juu ya mawe tangu gia zilipovunjika. Kuku walikuwa wakiingia na kutoka dirishani.

Iotua alitaka kumaliza haraka. Mzee hakutaka. Kwanza chai, halafu habari za wagonjwa, halafu hadithi ya gia. Goti la Iotua lilipiga mpaka kikombe kikalia kwenye sahani. Mwishowe akasema lake, kwa sauti ndogo, akitazama chini.

Mzee aliweka mkono sikioni. "Umesema?"

Ikabidi arudie kwa sauti kubwa, mbele ya binti za mzee, wakwe na majirani waliokuja kutazama mgeni mwenye shati la kanisani. Mzee alikwenda mwenyewe kufungua boneti, akamfukuza kuku, akarudi na kifuniko na samaki wawili wakavu juu yake.

"Kitu kidogo hiki," alimwambia. "Ungesema tangu ulipofika, usingechoka na hadithi yangu."

Ijumaa saa mbili gari liko tena kwenye foleni ya Teaoraereke, na wazee walewale saba nyuma. Wote wameinama kutazama geji. Mshale unapanda kidogo juu ya katikati, unasita, na kukaa hapo. Iotua anaomba wasimame palepale kwenye duka la mkate. Anaminya mpira. Mgumu. Anaminya mara ya pili, ya tatu, mpaka Ten Kabwea anapaza sauti kutoka dirishani kumwambia aache kumkamua mnyama wa watu.

Walifika kliniki saa tatu kasoro dakika tano. Muuguzi alitazama saa ya ukutani, akawatazama wao, akaenda kuchemsha vifaa. Nei Akineti alimpigia simu mtoto wake. Maneno yake yalikuwa machache. Gari haliuzwi, na huyo mtu wa vyuma apewe chai aende zake.

Iotua angeweza kuishia hapo. Shangazi alikuwa na furaha, wazee walikuwa wakimpiga begani, na hakuna aliyeuliza kilichopatikana. Fundi mwingine angesema ni ufundi. Yeye alimvuta shangazi yake kando, chini ya paa la kliniki, akamwambia yote: kwamba gasketi haikuwa na kosa, kwamba alifungua injini bure na fedha atazirudisha, dola ishirini kila mwezi, kwamba kifuniko kilitoka mezani kwake mwenyewe na mkononi mwa mkewe, na kidole cha Kabwea kimo katika hesabu hiyo. Alipofika kwenye kidole aligeuka kutazama ukuta.

Nei Akineti alimsogelea. Ndani, bibi mmoja alilalamika kwamba maji ni baridi.

"Kinaai anajua kwamba unaniambia?"

"Hatujasemeshana tangu juzi."

"Basi bubuti, mwanangu," alisema shangazi, na Iotua akashtuka, kwa sababu neno hilo halitamkwi kwa mzaha. "Fedha zako kaa nazo. Ninachokuomba ni hiki. Hicho kifuniko usimtajie tena mkeo. Si leo, si mkigombana, si siku ya kufa."

Neno limeshatamkwa. Hakuna kukataa.

Mipango anayo. Amemwandikia yule rafiki wa Suva amletee vifuniko kumi na viwili vya 1.1, na vikifika vitakaa mezani, mahali pa wazi. Atakayekuja kuomba atapewa, ila ataelezwa namba na kazi yake kwanza. Jumapili anataka kwenda kwa Kabwea, na bado hajui ataanzaje.

Kubwa zaidi ni la leo, kurudi nyumbani kwa mkewe. Nei Akineti alipowasha gari kuwarudisha wazee, alimwita apande. Alikataa. Kutoka kliniki mpaka Eita ni kilomita nne, na alisema atatembea.

"Siku mbili nzima nimekuwa nikipanga nitakavyomwambia Kinaai," alisema, akianza kuondoka, kwa mara ya kwanza polepole. "Kila sentensi niliyonayo ina kifuniko ndani yake. Acha nitembee. Labda nikifika nitakuwa nimepata nyingine."